Baisa Hamsini

Ghaniya wa kaunta ya tatu hakuinua macho.
Alisema kwa Kiarabu, kisha aliponisikia naguna
akarudia kwa Kiswahili cha mama yake,
Kiswahili cha Amirat, kilicholelewa na kiyoyozi:
"Mfuko, khalti? Baisa hamsini.
Niuhesabu au niache?"

Nyuma yangu foleni. Mbele yangu
mchele wa kilo tano, samli, bamia, tungule,
vitunguu vinabingirika vinataka kutoroka,
na mimi mtu mzima
na mikono yangu miwili.

Hamsini si kitu. Hesabu naijua.
Haifiki hata gilasi ya karaki
ile ninayopiga honi kijana aniletee garini.
Lakini juzi ulikuwa bure!
Juzi mifuko ikimwagwa kama salamu:
mmoja wa mayai,
mmoja wa sabuni isije ikanukisha mkate,
mmoja ndani ya mwenzake kwa ajili ya maziwa,
na mmoja, wallahi, wa peremende moja ya mtoto.
Cha bure kikitiwa bei
mtu huona kaibiwa chake.

Jirani yangu Hamdun, ukuta kwa ukuta,
alilipa riyali arubaini na mbili bila kukohoa.
Kufika kwenye mfuko, mori ukampanda.
"Mnaniuzia upepo!"
Akaikunja kanzu kwa mbele ikawa beseni,
akatia malimau, jibini, betri, udi wa mkewe,
akatoka hivyo, kofia upande, miundi nje,
kuliendea gari lenye thamani ya nyumba.
Limau moja likamkimbia
likaingia chini ya gurudumu.
Hatukucheka. Tulingoja mlango ujifunge.
Kisha tukacheka mpaka Ghaniya akafuta wanja.

Aliyemfuatia alikuwa kijana wa ujenzi,
ovaroli la buluu, vumbi mpaka kwenye kope,
mikate miwili na kopo la dengu.
Bei aliiuliza kwa kidole.
Akautazama mfuko.
Akaitazama mikate.
Akavua helmeti yake ya manjano, akaipangusa ndani kwa kiganja,
akaweka mikate humo kama kiota,
akaondoka.
Huyo hakusema neno,
na sisi kicheko kikatukauka.

Mdogo wangu Thuwaiba anafuga mbuzi njia ya Quriyat.
Migunga ya huko huzaa mara mbili,
miba kwanza, halafu nailoni:
nyeupe, nyeusi, ya kijani, inapepea usiku kucha
utadhani kuna arusi.
Idi iliyopita tulichinja beberu la miaka minne,
limenona tumbo, mbavu unazihesabu.
Mchinjaji akapasua, akatia mkono,
akavuta, akavuta,
kikatoka kitu kama kilemba kilicholoa,
hakina mwanzo wala mwisho.
Tulipokikunjua juu ya mchanga
mfuko mmoja ulikuwa mzima, na maandishi yake yanasomeka,
jina la duka hili hili, na chini yake:
Ahsante. Karibu tena.
Thuwaiba alinitazama mimi,
kana kwamba nilimlisha kwa mkono wangu.
Labda.

Basi nadhani mnanitarajia niwe nimeongoka.
Binti yangu Salha kanishonea mifuko mitano ya kitambaa,
mmoja una maua, mmoja una jina langu.
Iko garini, siti ya nyuma,
imekaa kama watoto walioambiwa wasishuke.
Nimeisahau tena.
Nje joto ni arubaini na sita,
gari liko mwisho wa kiwanja, goti langu nalijua mwenyewe,
na nyumbani chini ya sinki
kuna droo haifungiki kwa mifuko ya zamani
niliyoikunja pembe tatu, kama sambusa,
akiba ya siku nisiyoijua.

"Khalti?"
Foleni ikakohoa.
Kitunguu kimoja kikafika ukingoni, kikadondoka.

Nikatoa hamsini, ya sarafu, iliyopata joto mkononi.
Ghaniya akatia vitu vyangu taratibu,
mchele chini, tungule juu,
akanisogezea mfuko, akanipa na risiti.
"Ahsante," alisema. "Karibu tena."